Mistari Saba ya Kwanza

Kuanzia kwenye mikaratusi ya Murhabazi
mistari saba ya mahindi yangu haijui kurefuka.
Wa kwanza unanifika gotini,
wa pili pajani,
wa tatu na wa nne imejikunja majani
kama wanawake waliokaza vitenge
wakingoja habari kwenye korido ya hospitali.
Ni mstari wa nane ndipo shamba linapokumbuka
kwamba ni shamba.

Nilipanda siku moja, mwezi wa tisa,
mbegu za mfuko mmoja niliobeba toka Mudaka
mvua ikinipiga kisogoni.
Udongo ni ule ule. Jembe ni lile lile.
Mgongo uliouma ni huu huu.

Msimu uliopita Ansima alinisaidia kupima.
Ana daftari la hesabu, lenye vyumba vidogo vidogo,
akaandika kwa herufi za shule:
mstari wa kwanza, gigozi moja na nusu.
Wa tano, gigozi nne.
Wa kumi na mbili, gigozi tisa, na punje za kuokota chini.
Akainua kichwa:
mama, kumbe mti unakula bugali?
Unakula, nikamwambia,
ila haunawi mikono.

Nilikwenda kwa Murhabazi na hasira
niliyoipanga njiani tofali juu ya tofali.
Akanipa kigoda. Akanimiminia kasigisi.
Akasema, miti hii ni karo ya watoto watatu,
ni nguzo zinazopanda mlima wa Kadutu mabegani mwa watu;
na kivuli, dada, hakisomi hati ya shamba.
Nikamjibu, na kivuli sina ugomvi,
kivuli huja alasiri kikaondoka na jua.
Nasema mizizi,
inayovuka mpaka usiku bila kupiga hodi,
inayokunywa kabla yangu
na kulamba mbolea niliyonunua kwa deni.
Tulimaliza kibuyu. Hatukumaliza maneno.

Kisha ule usiku wa mwezi wa kumi na mbili.
Upepo ulishuka kutoka Kahuzi
ukang'oa mabati mawili ya kanisa,
ukapita juu ya nyumba yangu ukitafuta cha kulaza.
Kulipokucha, shamba la Namwezi,
lililo wazi toka ukingo hadi ukingo,
mahindi yote yalikuwa kifudifudi,
vichwa vikitazama ziwani.

Langu nililihesabu mara mbili.
Wa nane hadi wa ishirini na tisa:
imesimama, inadondosha maji,
nyuma ya miti ile.
Toka wa thelathini, imelala kama ya Namwezi.
Na ile saba mifupi nayo imesimama,
haikuwa na urefu wa kuanguka.

Sikufurahi.
Nani anafurahi kuokolewa na mwizi wake?

Baada ya mavuno Ansima alijumlisha, akatoa,
akafuta hadi karatasi ikatoboka.
Jibu likaegemea upande wa miti
kwa gigozi kumi na moja.
Rudia, nikamwambia.
Likatoka lile lile.
Lakini daftari halina chumba cha kuandika
nguzo ni za nani na kiu ni ya nani.

Sasa nachimba mtaro kwenye mpaka,
kina cha mkono hadi kwapani.
Siku ya pili Murhabazi amekuja na panga lake,
hajasema kitu, ameanzia mwisho wa pili.
Tunachimba tukielekeana.
Mzizi mnene kama kifundo cha mkono wa Ansima:
nimeupiga mara tatu, umekatika,
umetoa maji.
Nimeyagusa. Nimeyajua.
Ni ya mwezi wa kumi, yale tuliyoyaombea.

Upande wetu, mbali kidogo na mtaro,
Ansima amechomeka miche mitatu ya grevilea
aliyopewa shuleni.
Hiyo nayo itakula, namwambia.
Itakula, anasema,
amepiga magoti kwenye matope,
anaandika tarehe.